Siku Niliyombeba Mama Mkwe Mtoni

Sifa na utukufu ni kwa Mungu aliyetenganisha maji na nchi kavu siku zile za mwanzo, ingawa mimi mtumishi wake, katekista mstaafu mwenye mvi kichwa kizima, kuna siku nilishindwa kabisa kujua maji yanaishia wapi na nchi kavu inaanzia wapi. Namshukuru kwa kuwa alinitoa mtoni nikiwa na uhai, miwani na mke. Vitu vingine aliuachia mto.

Naisimulia aibu hii mwenyewe kwa sababu naona tayari inasimuliwa na watu wengine, nao wanaitia chumvi mpaka siitambui. Juzi tu, hapa kwetu Buhongwa, jirani yangu alinisimamisha baada ya misa akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli nilimbeba mama mkwe wangu mbele ya kijiji kizima nikiwa uchi. Si kweli. Nilikuwa na bukta.

Mama mkwe wangu ni Bibi Doto, mzazi wa mke wangu Mama Neema. Anaishi Igoma kwa mwanawe wa kiume, na kama jina linavyoonyesha, yeye ni pacha: aliyetangulia kutoka tumboni ni dada yake, Bibi Kulwa, ambaye hajawahi kuhama kijiji walichozaliwa kule kando ya ziwa. Siku hiyo, mwishoni mwa masika, simu ilitoka kijijini asubuhi. Bibi Kulwa alikuwa anaumwa kwa muda mrefu, lakini sasa alikuwa amekataa chakula, hata uji, amegeukia ukutani na kusema hatatia kitu mdomoni mpaka amwone Doto. Mtoto wake aliyepiga simu hakuzunguka. "Shemeji," aliniambia, "mleteni leo. Ya kesho siijui."

Yule mwanawe wa Igoma alikuwa amesafiri kikazi, na gari pekee katika ukoo wetu ni pikapu yangu kuukuu yenye milango minne, na dereva wake ni mimi. Hapo ndipo shida ilipokuwa. Sisi Wasukuma, kwa wasiotufahamu, mtu na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hampeani mikono, hamli pamoja, hamtazamani usoni, na mkikutana njiani mmoja anaingia porini mpaka mwingine apite. (Vijana wa siku hizi wanapiga picha na mama wakwe zao wamekumbatiana. Sitawahukumu, lakini huwa nageuza macho.) Katika miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kumwambia Bibi Doto hata neno bila kupitia kwa mtu mwingine. Sasa niambieni, mtu wa namna hiyo unamwendeshaje ndani ya gari moja?

Tulipanga hivi. Bibi Doto aliketi nyuma ya kiti changu hasa, ili hata akitaka asinione zaidi ya kisogo. Kioo cha katikati cha kuangalia nyuma nilikigeuzia kwenye dari. Mama Neema alikaa mbele upande wa kushoto, awe mjumbe. Mapajani mwa bibi alikuwapo kuku, jike jeusi lililofungwa miguu, zawadi ya mgonjwa. Tukasali, tukaondoka.

"Mama Neema," ikaja sauti kutoka nyuma kabla hatujafika hata mbali, "mwambie mkwe apunguze mwendo, mbavu zangu si za chuma."

"Baba Neema," akasema mke wangu, "Mayu anasema upunguze mwendo." (Mayu kwetu ni mama.)

"Mwambie Mayu nimesikia."

"Mayu, anasema amesikia."

"Amesikia lakini hajapunguza," ikajibu sauti.

Tukaenda hivyo kwa barabara ya Musoma, maneno yakizunguka kwa Mama Neema kama barua inayopitia posta, wakati mimi na bibi tungeweza kugusana kwa kiwiko.

Sasa nifike kwenye kosa lenyewe, ambalo lilikuwa dogo kiasi kwamba nilipolifanya hata sikulihisi. Kwenda kijijini kwa Bibi Kulwa kuna barabara ya changarawe, ndefu lakini nzuri, inayopita kwenye madaraja. Na kuna njia nyingine inayochepuka mapema kushoto, inashuka ziwani, kisha inaambaa na ufuko, njia ya ng'ombe na mikokoteni, na kila mto unaoingia ziwani unauvuka kwa kupita ndani ya maji yenyewe. Kwa miaka mingi nilikuwa nimesikia wavuvi wakiisimulia njia hii: mawe makubwa yaliyobebana, mnandi, wale ndege weusi wala samaki, waliojaa mitini mpaka miti ikawa myeupe kwa kinyesi chao, mchanga unaohama mahali usiku mmoja. Mungu aliniumba mtu wa kutaka kujua. Nikiona mlango uliofungwa nataka kujua nyuma yake kuna nini, na nikiona njia nataka kujua inaishia wapi. Tulipofika kwenye mchepuko, mikono yangu ikakata kushoto yenyewe.

"Huku wapi tena?" akauliza Mama Neema.

"Ni mkato," nikasema.

Ndugu zangu, sikujua kama ni mkato. Nilifundisha amri za Mungu kwa wakatekumeni kwa muda mrefu kuliko umri wa baadhi yenu, na hapo nikaivunja mojawapo kwa maneno mawili tu, kwa sababu niliona aibu kusema "nataka kuona" wakati tunampeleka mama kwa pacha wake mgonjwa.

Na kwa kweli mwanzoni nilibarikiwa. Mto wa kwanza ulikuwa kijito tu, maji safi juu ya kokoto, na gari lilipita likirusha maji pande zote mbili nikajisikia kijana. Nikasimama ng'ambo, nikashuka kuangalia breki zimelowa kiasi gani (hiyo ndiyo sababu niliyoitoa), lakini kwa kweli nilitaka kuona mahali mto unapokutana na ziwa. Ni jambo la ajabu sana. Ziwa linasukuma mchanga kwenye mdomo wa mto mpaka linauziba, na mto unabaki umejaa nyuma ya ule mchanga kama mtu aliyekasirika akanyamaza, halafu siku moja unapasua na kutoka kwa nguvu, tena si lazima palepale ulipotokea mwanzo. Nilisimama nikajiuliza, je, samaki wa mtoni na wa ziwani wanafahamiana?

"Mama Neema," nikasikia kutoka garini, "muulize mkwe kama tunakwenda kwa Kulwa au kuhesabu mchanga."

Nikarudi mbio. Mto wa pili tukaupita wakati ng'ombe wanakunywa, wakatupisha polepole bila heshima yoyote. Tukafika wa tatu.

Huu haukuwa kijito. Ulikuwa mpana, na maji yake yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, dalili kwamba mvua imenyesha huko juu, ingawa kwetu jua lilikuwa linawaka. Upande wa pili kulikuwa na mwalo mdogo wa wavuvi, na wanawake walikuwa wanaanika dagaa. Mama Neema akasema yeye atashuka aangalie, maana ananijua. Akavua ndala, akakunja kitenge, akafuata alama za magurudumu ya mikokoteni zilizoingia majini upande wa kulia. Akaingia, maji yakamfika magotini, akavuka mpaka ng'ambo, akageuka na kunipungia mkono: njoo hapa, pita hapa.

Nikawasha gari. Na hapo nikakumbuka kwamba mjumbe wetu yuko ng'ambo ya mto, na ndani ya gari tumebaki mimi, mama mkwe na kuku.

Bibi Doto akakohoa, akasema, "Wewe kuku."

Sikugeuka.

"Wewe kuku, nikwambie jambo. Huko anakopunga mkono mwanangu ni tope. Sisi na Kulwa tulipokuwa wasichana tulipita kushoto, pale penye ule mkuyu. Chini yake kuna mwamba mgumu kama sakafu ya kanisa."

Nilitazama kushoto. Mkuyu ulikuwapo, mkubwa, umeinama juu ya maji yaliyotulia. Hakukuwa na alama ya gurudumu wala ya kwato. Macho yangu yaliniambia si hapo. Lakini nitamwambiaje? Kumjibu siwezi, kumbishia ndiyo kabisa haiwezekani. Nikazungumza na usukani.

"Wewe usukani," nikasema, "labda tungemsubiri Mama Neema arudi, maana yeye amepita pale kwa miguu yake."

"Kuku," ikajibu sauti, "uambie usukani kwamba aliyezaliwa hapa ni mimi."

Sasa wenzangu mnaocheka, jiwekeni mahali pangu. Mke ananiita kulia. Mama yake mke ananituma kushoto, tena kwa kinywa cha kuku. Mkwe mwenye adabu anakwenda wapi? Nikakata kushoto. (Na nisiseme uongo mara ya pili katika habari hii moja: pia nilitaka kujua kama huo mwamba upo.)

Haukuwapo. Gari liliingia taratibu, mita chache za kwanza zikawa nzuri mpaka nikaanza kumshukuru Mungu, kisha pua ya gari ikainama kama mtu anayesujudu, maji yakapanda juu ya boneti, injini ikakohoa mara mbili ikanyamaza. Maji hayakuingia kwa mlangoni kama nilivyodhani siku zote kwamba yangeingia. Yalianzia chini, kwenye pedali, yakapanda mguuni yakiwa baridi, na ndani yake kulikuwa na samaki, furu mdogo wa ukubwa wa kidole. Nakiri kwamba badala ya kuogopa nilijiuliza amepita tundu gani.

Kutoka ng'ambo nikasikia, "Baba Neema! Nimekuita huku! Huko umefuata nini?"

Ningejibu nini? Niseme ni mama yako? Mbele ya mama mwenyewe? Nikatoa kichwa dirishani nikapiga kelele, "Nilitaka kujua kina chake!"

"Umekijua?"

Wanawake wa mwaloni walikuwa wameacha dagaa zao na kujipanga ukingoni. Mbele yao alisimama mama mmoja mnene, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya ziwa.

"Shikamoo mzee!" akaita.

"Marahaba!" nikajibu, maji yakiwa kiunoni.

"Hicho ni kivuko kipya au? Mbona hakielei?"

Wakacheka. Nikaomba wanaume. Akanijibu kwamba wanaume wako ziwani, lakini amemtuma mtu akalete ng'ombe wa jembe watuvute, tuwe na subira. Subira ninayo, Mungu ni shahidi, ila wakati huohuo mkondo ulisukuma gari, nalo likateleza kidogo upande wa chini, likatulia, likateleza tena. Nyuma yangu nikasikia maji yakigonga kiti. Bibi Doto alikuwa amemnyanyua kuku juu ya kichwa chake.

"Kuku," akasema, na safari hii sauti ilitetemeka, "uulize usukani kama tunakufa kwa heshima au tunaishi kwa aibu. Mimi Kulwa ananisubiri."

Nikaufikiria mlango, nikafikiria maji, nikamfikiria yule aliyegeukia ukutani. Nikatoka kwa kupitia dirishani, maji yakanifika kifuani. Nikafungua mlango wa nyuma kwa nguvu zote, nikampa mgongo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamwambia kwa kinywa changu:

"Mama, panda."

Nikasikia mikono miwili mikavu ikinizunguka shingoni na kuku akinipiga bawa sikioni. Nikashika miguu ya bibi, nikaanza kutembea.

Ukingoni kicheko kilikatika ghafla. Nikasikia mtu akiuliza, "Yule si mama yake mzazi?" na mke wangu, masikini, akajibu, "Ni mama yangu mimi," kisha akajifunika uso kwa kitenge. Wale wanawake wakashika midomo. Kwao, kama kwetu, waliona kitu kisichopaswa kuonekana.

Sasa kuhusu suruali. Asubuhi nilikuwa nimekula michembe mingi, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na kwa sababu ya kukaa kwenye gari muda mrefu nililegeza mkanda. Suruali ya kitambaa kizito ikijaa maji ina uzito wake, na katikati ya mto nikaihisi inashuka. Mkono mmoja ungetosha kuikamata. Lakini mkono wa kulia ulikuwa na mguu wa kulia wa mama mkwe, na wa kushoto ulikuwa na wa kushoto, na nikimwachia upande mmoja anapinduka. Ilinibidi nichague kati ya suruali na mama mkwe, na kwa neema ya Mungu nilichagua mama mkwe. Suruali ikafika kwenye vifundo, nikatembea kama ng'ombe aliyefungwa pingu, hatua fupi fupi, kisha mguu mmoja ukachomoka, na wa pili, na mto ukaichukua. Nilipoanza kupanda kuelekea ukingoni maji yakapungua, na kila yalivyopungua ndivyo bukta ilivyojitokeza. Ilikuwa ya mwanangu, ya mpira, ya njano iliyoiva, na pajani ina namba tisa.

"Namba tisa anafunga!" akaita yule mama mnene, hakuweza kujizuia, na hapo kijiji kizima kikalia kwa kicheko. Hatua iliyofuata nikakanyaga shimo. Tukazama wote watatu.

Tulipoibuka Bibi Doto alikuwa bado shingoni, kilemba kimekwenda, anatema maji. Kuku kamba ilikuwa imemfunguka, na alifika nchi kavu kabla yetu, akajitikisa, akaanza kula dagaa za watu.

Wale wanawake walitupokea kwa huruma kubwa kuliko nilivyostahili. Walimvika bibi vitenge vikavu, na mimi nikapewa kimoja, chenye maua ya waridi, nikakifunga kiunoni. Ng'ombe walikuja, gari likavutwa mpaka ukingoni likabaki pale linatiririka, na sisi pamoja na kuku tukapakiwa kwenye mkokoteni. Njia nzima nilikaa mkiani mwa mkokoteni nikitazama nyuma. Sikuwaza suruali. Niliwaza kwamba jua limeshageuka, na kwamba kama tutakuta watu wamekaa chini nje ya nyumba, wamejitanda, basi nitakuwa nimemnyima mama wa watu kumwona pacha wake kwa sababu ya kutaka kutazama mchanga.

Hatukukuta watu wamekaa chini. Bibi Doto akaingia ndani akishikwa mkono na binti yake, mimi nikabaki nje karibu na zizi, nyuma ya ukuta, mahali pa mkwe. Dirisha lilikuwa wazi, na Mungu anisamehe, nilisikiliza.

Sauti nyembamba sana ikauliza, "Doto, mbona umelowa?"

Na Bibi Doto akaanza kusimulia. Alisimulia yote: kuku, usukani, mgongo, suruali, namba tisa. Nilitamani zizi linimeze. Lakini alipofika kwenye mkuyu hakunitupia lawama kama ambavyo angeweza, maana shahidi alikuwa kuku tu. Alisema, "Mkwe hakukosea. Ni mimi niliyempeleka. Nilimwambia tulipitia pale kwenye mkuyu."

"Mkuyu?" ikauliza ile sauti nyembamba. "Mkuyu upi?"

"Ule ulioinama."

"Doto!" Nikasikia kitanda kikilia, mtu anajaribu kukaa. "Pale hatukuwahi kuvuka hata siku moja! Pale tulikuwa tunaruka kutoka juu ya mti! Ndipo penye kina kuliko mto wote!"

Kisha nikasikia kitu ambacho kwanza nilidhani ni kikohozi. Kilikuwa kicheko. Alicheka Kulwa, akacheka Doto, wazee wawili kwa sauti moja, mpaka huwezi kujua yupi ni yupi, na Mama Neema naye akashindwa kujizuia, na mimi nikabaki nje na kitenge changu cha waridi nikilia machozi. Baadaye mlango ukafunguliwa, mke wangu akaniambia, "Baba Neema, mama mkubwa anaomba uji."

Jioni alikula na supu kidogo. Nasikitika kusema ilikuwa ya mkalimani wetu.

Bibi Doto hakurudi nasi Igoma. Alikaa kwa dada yake, na Bibi Kulwa aliishi kiangazi chote, dhaifu lakini anakula, na walizungumza mpaka wakamaliza yote waliyokuwa nayo. Siku tuliyoondoka, gari likiwa limekaushwa na kutengenezwa, nilisimama mbali kama inavyopasa nikimwachia Mama Neema aage. Bibi Doto akapita karibu na mimi akielekea kisimani. Sikuingia porini kwa wakati. Akasimama, akatazama chini, akasema, "Ahsante, mwanangu," akaendelea na njia yake. Hakumtuma mtu, wala hakukuwa na kuku. Tangu hapo tumerudia heshima yetu kama zamani, na salamu zake naletewa na mke wangu, lakini yale maneno mawili ninayo.

Kuhusu njia ile, nimeapa. Sitampeleka tena mtu yeyote kwenye mkato nisioujua. Nikitaka kuona kitu nitasema nataka kuona, kwa jina lake, na watu wachague kama watanisindikiza au watapanda basi. Na mto ukinikabili nitauingia kwanza kwa miguu yangu mwenyewe, mkanda ukiwa umekazwa.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akutangulie katika kila mto utakaoufikia, akuonyeshe mahali pa kupita, na ukikosea, akupe watu wa kukucheka ambao pia watakutafutia nguo kavu. Akufikishe kwa anayekusubiri wakati bado anakusubiri. Amina.